Moncton, Brandon au Lethbridge? Kwa mnaotaka kukimbia Toronto

Toronto imeshinda wengi, na nalisema hili bila kumcheka mtu, maana mimi mwenyewe nilikaa kwenye chumba cha chini ya nyumba ya watu, dirisha linaonyesha viatu vya wapita njia tu, na pango lake ukilibadilisha kuwa shilingi unapata presha. Ukishafika hapo unaanza kuulizia miji midogo. Na ukiulizia utapewa majibu ya kila aina, mmoja atakwambia nenda Alberta kodi ndogo, mwingine nenda New Brunswick nyumba rahisi, wa tatu nenda Manitoba makaratasi yanatoka haraka, na kila mmoja anausifia mji aliko binamu yake.

Basi nimechukua mitatu tuiweke mezani pamoja: Moncton (jimbo la New Brunswick, huko mashariki karibu na bahari), Brandon (Manitoba, katikati kabisa ya Kanada kwenye mashamba ya ngano) na Lethbridge (Alberta, kusini karibu na milima). Kwa sensa ya 2021 Brandon ilikuwa na watu 51,313, Moncton 79,470 na Lethbridge 98,406. Ila Moncton usiihesabu peke yake, imeshikana na miji ya Dieppe na Riverview, ukijumlisha na vitongoji vyote unapata 157,717.

Kabla ya yote elewa kitu kimoja kuhusu mji mdogo wa huku. Vitu vyake viko kimoja kimoja. Hospitali moja, kampuni moja ya mabasi, chuo kikuu kimoja, kiwanda kikubwa kimoja ambacho nusu ya unaowajua wanafanya hapo au walishafanya. Ukiwa Toronto ukikosana na bosi unavuka barabara unaomba kazi kwingine, huku ukikosana na bosi unaweza kumkuta kanisani Jumapili. Kwa hiyo mimi sipimi mji kwa bei ya pango peke yake, naangalia kile kimoja kikigoma unakimbilia wapi. Vigezo vyangu ni hivi: kazi na lugha, hela inayobaki mfukoni, hospitali, shule na vyuo, usafiri, baridi, halafu watu na wikiendi. Miji yote nitaipitisha humo humo.

KAZI NA LUGHA

Hapa ndipo miji hii inapoachana kabisa kwa hiyo nitakaa kidogo.

Brandon kazi yake inayojulikana ni kiwanda cha nyama cha Maple Leaf kilichofunguliwa 1999. Wenyeji hawakutosha, kampuni ikaenda kutafuta watu El Salvador, Honduras, Colombia, Uchina, Ukraine, hadi Mauritius, na ndivyo mji wa wakulima ukageuka mji wa mataifa. Faida yake ni kwamba Kiingereza cha kuungaunga kinatosha kuanzia na saa za kazi zipo. Hasara nayo uijue, ni kazi ya kusimama kwenye mstari wa uzalishaji, kisu mkononi, ndani baridi, mwendo ule ule masaa yote, mabega na viganja vinalipa. Na ni nyama ya nguruwe. Waislamu wenzangu hili liangalieni mapema kabla hamjafunga mizigo, sio ufike pale ndo unaanza kuulizia fatwa. Nje ya kiwanda kuna hospitali, nyumba za wazee, maduka, kambi ya jeshi ya Shilo iko jirani, na kilimo. Kifaransa mjini pale hakitakusaidia sana.

Moncton ni kinyume chake, Kifaransa ni mtaji. New Brunswick ndiyo jimbo pekee la Kanada lenye lugha rasmi mbili, na Moncton ilijitangaza mji wa lugha mbili mwaka 2002, wa kwanza nchini kufanya hivyo. Matangazo mengi ya kazi, kuanzia vituo vya kupokea simu, bima, ofisi za serikali mpaka hospitali, yanataka mtu wa lugha zote mbili. Sasa fikiria mtu wa Bukavu au Bujumbura ambaye Toronto Kifaransa chake kilikuwa kimelala tu kama nguo ya sikukuu, huku kinamwingizia ugali. Ila asitegemee kuelewa kila kitu siku ya kwanza, vijana wa pale wanaongea kitu kinaitwa chiac, Kifaransa kilichochanganywa na Kiingereza ndani ya sentensi moja, yaani ni Sheng yao. Mtu wa Dar au Nairobi mwenye Kiingereza peke yake anapata kazi pia, nisimtishe mtu, ila kuna milango ataikuta imefungwa na wala si kwa ubaya.

Lethbridge ni Kiingereza mwanzo mwisho, na uchumi wake ni shamba la kumwagilia. Viazi, kiazi sukari, mahindi, ng'ombe. Kampuni ya Cavendish walifungua kiwanda kipya cha viazi vya kugandisha mwaka 2019, na wenzao McCain wana kingine Coaldale, mji mdogo dakika chache tu kwa gari. Kwa hiyo kazi za viwandani zipo, ila hazijabebwa na kiwanda kimoja kama Brandon, pana chuo kikuu, koleji, hospitali, ujenzi, na malori mengi sana kama una leseni ya kuendesha. Tukiwa kwenye viazi, hao McCain walianzia New Brunswick mwaka 1957, kijiji cha Florenceville, na wana kiwanda Carberry mashariki ya Brandon. Kwahiyo popote utakapoangukia kati ya majimbo haya matatu, chipsi hazikuachi.

Kwa wenye kutafuta ukazi wa kudumu: Moncton ipo kwenye mpango wa uhamiaji wa majimbo ya Atlantiki, umekuwa wa kudumu tangu 2022 na unaanza na ofa ya mwajiri aliyeidhinishwa. Brandon ilichaguliwa Januari 2025 kwenye mpango wa majaribio wa serikali kuu wa uhamiaji wa miji midogo, na huko pia mwajiri lazima awe amepitishwa. Juu ya hapo kila jimbo lina utaratibu wake wa kuteua watu. Mwenye Kifaransa kizuri ana njia nyingine, tangu 2023 serikali kuu inawachomoa kwenye foleni watu wa Kifaransa wanaokwenda kuishi nje ya Quebec. Mipango hii inabadilika kama bei ya nyanya, kwa hiyo soma tovuti ya serikali mwenyewe, usimlipe mtu wa WhatsApp.

HELA INAYOBAKI

Tuanze na kodi ya mauzo, ile unayokatwa ukinunua kitu. New Brunswick 15%, Manitoba 12, Alberta 5. Ukifika mji mpya unanunua kitanda, kochi, meza, televisheni, tuseme dola 2,000. Moncton utaongeza 300, Brandon 240, Lethbridge 100. Chakula cha kawaida cha kupika nyumbani hakikatwi kote, kwa hiyo tofauti unaisikia zaidi mwanzoni na ukinunua gari.

Watu wakiona hiyo 5 wanakimbilia Alberta macho yamefumba. Subiri. Alberta haina ukomo wa kupandisha pango, mwenye nyumba anaruhusiwa mara moja kwa mwaka lakini kiasi ni yeye na roho yake. New Brunswick wameweka ukomo wa 3% kwa mwaka kuanzia Februari 2025. Manitoba serikali inatangaza asilimia kila mwaka, ingawa majengo mapya na pango la juu kidogo hayabanwi. Halafu kima cha chini cha mshahara Alberta ni dola 15 na hakijasogea tangu 2018, wenzao wawili wanapandisha kufuata gharama za maisha na wameshampita.

Bima ya gari ndiyo inayoshangaza watu. Manitoba bima ya msingi inatoka kwenye shirika la serikali, tangu 1971, wote mnapita dirisha moja. Alberta na New Brunswick ni kampuni binafsi, na mgeni asiye na historia ya kuendesha Kanada anakamuliwa, Alberta hasa. Piga simu uulize bei kabla hujanunua gari, narudia, kabla.

Umeme: Manitoba uko kwenye rahisi kabisa nchini sababu ya mabwawa ya maji. Alberta unachagua kampuni na mkataba, ukikosea kuchagua utajua bili ikija. Moncton nyumba nyingi zinapashwa joto kwa hita za umeme za ukutani, basi ukiona tangazo la pango limeandikwa "umeme juu yako" uliza bili ya Januari ilikuwa ngapi, usiulize ya Julai.

HOSPITALI

Hapa ndipo ile hoja yangu ya kimoja kimoja inauma. Brandon una hospitali moja kubwa inayohudumia magharibi yote ya Manitoba, na tangu 2011 kuna kituo cha saratani mgonjwa asisafiri kila mara hadi Winnipeg. Lakini daktari bingwa wa mambo ya nadra, utaenda tu Winnipeg, kilomita 215, na ukiwa na miadi Januari huku barabara kuu imefungwa kwa upepo wa theluji, miadi inasubiri.

Lethbridge kuna Chinook Regional, moja pia, na mji ule ulipitia kipindi kigumu cha kukosa madaktari wa familia miaka ya karibuni, watu walikuwa wanapiga kliniki zote wanaambiwa hatupokei wapya. Kwa mazito unapelekwa Calgary, kilomita 210.

Moncton zipo mbili. Ya Moncton yenyewe iko chini ya mtandao wa Kiingereza na ile ya Dr-Georges-L.-Dumont chini ya mtandao wa Kifaransa, na huzuiwi kwenda yoyote. Hii ni faida ambayo watu hawaisemi sana, mama mzee aliyesoma shule za wamisionari Lubumbashi anaelezea maumivu yake mwenyewe bila mjukuu kutafsiri habari za tumboni. Pamoja na hayo dokta wa familia New Brunswick ni wa kutafuta kwa tochi, serikali ina orodha ya kusubiri na huduma ya muda kwa wasio na daktari, jiandikishe wiki ya kwanza tu.

Emajensi kote ni kukaa masaa, beba chaja na maji. Na kama unahama jimbo kwenda jimbo, kadi ya zamani inaendelea kukubeba karibu miezi mitatu wakati mpya inatengenezwa, usiitupe.

SHULE NA VYUO

Moncton tena ni viwili viwili, shule za umma za Kifaransa zina bodi yake na za Kiingereza zina yake, mtoto anasoma kwa lugha hiyo masomo yote. Ukiwa na mtoto aliyeanzia shule Kinshasa au Goma hii ni nafuu kubwa. Université de Moncton ilianzishwa 1963 na ndiyo kubwa ya Kifaransa nje ya Quebec, na tangu 2006 wanafunzi wa udaktari wanasomea palepale kwa Kifaransa. Wa Kiingereza wanacho Crandall, kidogo na cha Kikristo, na koleji za ufundi zipo za lugha zote mbili.

Lethbridge ina chuo kikuu cha 1967, jengo lake refu limelala kwenye korongo kama meli iliyopwelewa, mchoro wa msanifu majengo Arthur Erickson, ukipiga picha watu nyumbani watadhani uko mbali kuliko ulipo. Mjini humo kuna pia Lethbridge Polytechnic, iliyoanza 1957 kama koleji ya kwanza ya umma ya aina yake Kanada na kubadilisha jina 2024. Kwa mtu wa kujifunza fani, pale kuna mafunzo ya mafundi wa mitambo ya umeme wa upepo, na upepo wenyewe sina haja ya kuuelezea sasa hivi, unakuja huko chini. Shule za Kikatoliki Alberta zinalipiwa na serikali kama za kawaida, wazazi wengi wetu wanazipenda.

Brandon University ni ndogo, mwalimu anakujua jina, na muziki wake unaheshimika nchi nzima. Assiniboine ndiyo koleji ya ufundi, uuguzi wa ngazi ya kati, mapishi, kilimo, na sehemu yake moja iko kilimani kwenye majengo yaliyokuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mazuri kweli, matofali mekundu na bustani. Ukitaka kozi usiyoiona humo, hakuna chuo cha pili cha kwenda kwa basi la mjini.

USAFIRI

Bila gari, miji yote mitatu itakusumbua. Nimesema. Mabasi yapo, yanafika hospitali, chuo, maduka makubwa, ila jioni na Jumapili yanapungua na shifti ya usiku ya kiwandani haijali ratiba ya basi. Moncton basi la Codiac linaunganisha miji mitatu kwa hiyo unaweza kupanga Dieppe ukafanya kazi Moncton. Riverview iko ng'ambo ya mto.

Kutoka nje ya mji ndiyo habari nyingine. Mabasi ya Greyhound walijiondoa magharibi ya Kanada Oktoba 2018 na Brandon na Lethbridge zikaachwa na kampuni ndogondogo na magari ya abiria ya kwenda uwanja wa ndege. Viwanja vyao vya ndege ni vidogo. Moncton ina uwanja wa maana zaidi, ndege za Toronto na Montreal, basi la kwenda Halifax, na treni ya Montreal hadi Halifax inapita mara tatu kwa wiki kila upande, taratibu sana lakini inapita.

BARIDI

Usiniulize wapi hakuna baridi.

Brandon ni baridi kavu ya kuuma, Januari wastani uko kama nyuzi 16 au 17 chini ya sifuri na usiku mwingine inavuka 30 chini. Utaona magari yana waya wa umeme unaning'inia mbele kama ulimi, ule unachomekwa ukutani usiku injini isigande. Ukipanga nyumba uliza kama sehemu ya kuegesha ina soketi. Lakini anga ni ya bluu, jua linawaka, na theluji si nyingi kivile.

Moncton si baridi kali hivyo, ila theluji ni karibu mita tatu kwa msimu ukiijumlisha, nzito, yenye maji, na dhoruba za baharini zinafunga shule. Beleshi linakuwa ndugu yako. Mwenye mgongo mbovu apange ghorofa ambayo mwenye nyumba anasafisha mwenyewe.

Lethbridge ina kioja. Kuna upepo wa joto unaoshuka milimani, chinook, unaweza kulala na 20 chini ukaamka theluji yote imekuwa maji na watu wamevaa tisheti. Januari yao kwa ujumla ni nyepesi kuliko wote. Gharama yake ni upepo wenyewe, haukomi, unabeba mapipa ya taka mpaka kwa jirani wa tatu, unapindua malori barabara kuu, na kuna watu kichwa kinawauma kila unapoingia. Mimi nilitembelea siku nne tu nikarudi na masikio yanavuma, ila jamaa aliyenikaribisha anasema ameshazoea na hatoki.

WATU NA WIKIENDI

Kiswahili mitaani? Moncton una nafasi zaidi ya kukisikia kwa sababu Waafrika wa nchi za Kifaransa wamemiminika, na wa Kongo mashariki na Burundi wamo. Mji una mashirika mawili ya kupokea wageni, MAGMA na CAFi ya Kifaransa. Historia nayo haikuanza jana, 1999 marais wa nchi zinazoongea Kifaransa walikutana pale kwa mkutano wao mkuu. Na kwa mtu wa pwani kuna kitu kitamgusa: mto Petitcodiac, maji ya rangi ya chai ya maziwa, mara mbili kwa siku bahari inaurudisha nyuma, unaona wimbi linapanda mto. Ghuba ya Fundy ndiyo yenye kujaa na kupwa kukubwa kuliko kote duniani, ukienda siku za bamvua utamkumbuka babu yako wa Pemba. Ufukwe wa Shediac uko kilomita 25 hivi, maji kiangazi yanaogeka.

Brandon jamii yetu ni ndogo, mtazoeana na Waethiopia, Wanaijeria na Walatini (watu wa Amerika ya Kati na Kusini), na hilo lina raha yake. Duka la Walatini ndipo unapata unga mweupe wa mahindi, umeshapikwa kabla kwa hiyo ugali wake unateleza kidogo, lakini usiku wa Februari nani anachagua. Mwisho wa Januari kuna tamasha la majira ya baridi, kila taifa linafungua ukumbi wake, chakula na ngoma, mji mzima unazunguka. Ukumbi wa Keystone ndio kila kitu pale, maonyesho ya mifugo na farasi, na hoki ya Wheat Kings, timu ya mji. Westman Immigrant Services ndio wa kuwaona ukifika.

Lethbridge ina jamii kubwa ya Wabhutani wanaoongea Kinepali, na wakimbizi wa mataifa mengi wamepokelewa pale kupitia Lethbridge Family Services. Bustani ya Kijapani ya 1967, daraja la reli la 1909 lenye urefu wa kilomita 1.6 juu ya korongo, na milima ya Waterton kilomita 130 tu. Ardhi ya jirani ni ya Wakainai, wenyeji wa asili wa kundi la Blackfoot, na eneo lao walilotengewa ndilo pana kuliko yote ya aina hiyo Kanada. Jua pia kwamba ni mji wa watu wa dini na wa kihafidhina kidogo, kuna wanaoufurahia utulivu huo na kuna wanaouona mzito.

Maktaba za umma zipo miji yote mitatu na ni ofisi yako ya kwanza ukifika, intaneti, printa, joto, na mtu wa kukuelekeza fomu bila kukudai hela. Msikiti na makanisa utapata kote.

INAMFAA NANI

Moncton inamfaa mwenye Kifaransa, familia yenye mzee au mgonjwa, na anayetaka kusafiri mara kwa mara. Haimfai sana anayechukia makodi na mabeleshi.

Brandon inamfaa anayeanza na mikono yake miwili, anayetaka kuweka akiba kwa gari na umeme wa bei nafuu, na asiyeogopa mji wa watu elfu hamsini. Haimfai mtu wa kazi ya kitaalamu ya nadra, kama mwajiri mmoja akikukataa umeshamaliza orodha.

Lethbridge inamfaa fundi, dereva, mwenye biashara yake, mwanafunzi, na mtu ambaye akili yake iko Calgary lakini mfuko wake hauko Calgary bado. Asiyevumilia upepo aache.

KWA HALI YAKO

Una watoto wawili wa shule waliosoma Kifaransa na mke muuguzi: Moncton, na muanze na makaratasi ya bodi ya uuguzi kabla ya kuhama maana ndiyo yanayochelewa.

Uko peke yako, Kiingereza bado, huna deni ila huna akiba: Brandon miaka miwili au mitatu, huku unasoma jioni. Kama nguruwe hapana, basi angalia viwanda vya viazi Lethbridge kwanza, au usafi na nyumba za wazee Brandon.

Umeshapata ukazi wa kudumu na unataka kununua nyumba: piga hesabu zote, kodi ya nyumba ya manispaa, bima, joto. Usiangalie bei ya nyumba tu. Hapa Brandon na Lethbridge zinabishana, na jibu linategemea una magari mangapi.

Una mzazi anayekwenda kliniki kila mwezi: hospitali mbili za Moncton, isipokuwa kama ugonjwa wenyewe unahitaji bingwa wa Calgary, hapo Lethbridge inakuwa karibu zaidi, masaa mawili barabara nzuri.

Bado hujaamua na una likizo ya wiki moja: nenda ule unaokuvuta zaidi, lakini nenda Februari, usikodi gari, na saa kumi na mbili asubuhi panda basi kutoka mtaa unaotaka kupanga mpaka mlango wa kazi unayoiomba. Halafu rudi nalo jioni.